Mvua ya Wengi, Paa la Mmoja

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa mambo mawili yanayoelekea kupingana. Mtu anayekimbilia barazani mvua inapoanza kunyesha hujikinga nayo; na yule anayeweka mtungi chini ya mchirizi wa paa huyakinga maji yake. Wa kwanza anaikimbia mvua, wa pili anaipokea, na lugha imewapa wote wawili neno moja. Huenda wazee walioirithisha lugha hii hawakuona haja ya kuyatenga mambo hayo, kwa kuwa chombo kinachofanya kazi zote mbili ni kimoja, nacho ni paa. Paa humwepusha mja na mvua, na papo hapo humkusanyia. Lakini katika kukusanya huko mna suala ambalo paa lenyewe haliwezi kulijibu. Mvua iliyonyesha juu ya kijiji kizima, ikateremka juu ya bati la mtu mmoja na kuingia katika tangi lake, ni mvua ya nani?

Katika nyanda za Karatu na Ngorongoro, kaskazini mwa Tanzania Bara, suala hili hurudi kila mwaka masika yanapokatika na ndoo kuanza safari zake. Msomaji wa visiwani asilione kuwa ni la watu wa mbali. Sehemu kubwa ya unyevu unaonyesha huko juu hutoka katika Bahari ya Hindi. Mawingu huondoka baharini, hupita juu ya minazi na mashamba ya mkonge, huvuka nyika, hata yakafika katika kuta za milima ya Ngorongoro. Hapo hulazimika kupanda, na katika kupanda hupoa, na katika kupoa hutua mzigo wake. Tone linaloanguka juu ya bati la Karatu huenda siku chache kabla lilikuwa wimbi mbele ya Unguja.

Milima hiyo haigawi mvua kwa usawa. Ukingo wa kreta umeinuka zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na ubavu wake unaoelekea Karatu umefunikwa na msitu mnene unaokunywa mvua na ukungu. Chemchemi zinazozaliwa chini ya msitu huo huteremka mpaka bonde la Eyasi, ambako wakulima wa Mang'ola huzitumia kumwagilia vitunguu. Katika nyanda za juu za wilaya ya Karatu mvua ya mwaka yaweza kuzidi milimita 1,000. Kule bondeni, mwendo wa saa chache tu, haifiki 400. Kati ya ncha hizo mbili wamo watu wanaoishi kwa masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Novemba na Disemba, na kwa subira katika miezi iliyobaki.

Subira hiyo ina mguu na ina mgongo. Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba kila mtu wa kijijini apate lita 25 za maji safi kwa siku, na asitembee zaidi ya mita 400 kuyafuata. Katika nyika za Ngorongoro mita 400 ni masafa ambayo kina mama wengi wa Kimasai wangeyashukuru. Kazi ya kuteka ni ya wanawake na watoto wa kike, na ya punda pale alipo. Saa zinazopotea njiani hazikatwi katika siku ya mume wala katika siku ya mtoto wa kiume.

Na maji yanayofuatwa kwa tabu hiyo si lazima yawe maji mema. Bonde la Ufa limezaliwa na volkano, na miamba ya volkano hutoa floraidi inayoyeyuka katika maji ya chini ya ardhi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja; katika sehemu nyingi za mkoa wa Arusha visima na chemchemi hukipita kikomo hicho, mara nyingine kwa mbali sana. Mtoto anayeyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanaumbika huota meno yenye madoa ya kahawia, na mtu anayeyanywa yakiwa makali kwa miaka mingi huharibika mifupa. Kuyachemsha hakusaidii, kwa kuwa mvuke huondoka na floraidi hubaki. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Kwa hiyo ndoo moja iliyokingwa chini ya paa yaweza kuwa na thamani ambayo mpita njia haioni, mpaka mtoto wa nyumba hiyo acheke.

Hesabu ya kukinga ni nyepesi, na yafaa ifanywe, kwa sababu maadili yasiyofanyiwa hesabu aghalabu huishia katika hotuba. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja kamili. Paa la bati lenye mita za mraba 40, ambalo ni paa la nyumba ndogo ya kawaida, likinyeshewa milimita 700 kwa mwaka, hupokea lita 28,000. Ikitolewa humusi kwa kumwagika na kukauka, zinabaki lita 22,400. Nyumba ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 5 kwa siku kwa kunywa na kupikia, huhitaji lita 10,950 kwa mwaka mzima. Zinazosalia ni lita 11,450. Maana yake ni kwamba paa moja la wastani hubeba maji ya kunywa na kupikia ya nyumba mbili: nyumba ya mwenye paa, na nyumba nyingine ambayo bado haijatajwa.

Kinachozuia nyumba hiyo ya pili kutajwa ni tangi. Kuanzia mwanzo wa Juni hadi mwisho wa Oktoba ni siku 153, na katika siku hizo nyumba moja huhitaji lita 4,590 za kunywa na kupikia. Tangi la lita 5,000 lamtosha mwenye paa. Tangi la lita 10,000 lawatosha yeye na jirani. Mvua ni ile ile na paa ni lile lile. Tofauti ni saruji, au ni plastiki, na fedha ya kuinunulia.

Ipo pia adabu ya kukinga, na mafundi huijua kabla ya wanafalsafa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huachwa ipite, kwa kuwa huosha vumbi, majani makavu na kinyesi cha ndege. Kwa paa la mita 40 za mraba, lita 20 mpaka 40 za mwanzo humwagwa chini. Kisha mdomo wa tangi huwekewa wavu, na tangi hufunikwa lisizalishe mbu. Fundi huiita kazi hiyo usafi. Mshairi angeweza kuiita sadaka, maana fungu la kwanza hurudi ardhini kabla mtu hajaonja. Wote wawili wamesema kweli.

Lakini hesabu yote hiyo imeegemea neno moja lililopita kimya, nalo ni bati. Nyumba ya jadi ya Wairaqw, ambao ndio wengi katika Karatu, ilikuwa na paa la udongo, na zile za kale zilichimbwa ubavuni mwa kilima ili adui apitaye asizione. Nyumba ya Kimasai, ambayo hujengwa na mwanamke, hukandikwa kwa udongo na samadi. Mapaa hayo ni hodari wa kuzuia baridi ya nyanda za juu. Maji yanayotoka juu yake hayanyweki. Mvua basi hunyesha kwa wote, na hukingwa na mwenye bati.

Wala kukosa bati hakutokani na umasikini peke yake. Hifadhi ya Ngorongoro, iliyotengwa na Serengeti mwaka 1959 ili wafugaji na wanyamapori waishi katika ardhi moja, imekuwa na masharti juu ya ujenzi wa nyumba za kudumu. Mwaka 2022 Serikali ilianza kuwahamishia wakaazi waliojiandikisha katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, na ubishani juu ya nani ahame na kwa hiari ipi umekuwa mkubwa ndani na nje ya nchi. Ubishani huo una mabaraza yake. Linalohusu hapa ni moja tu: wapo watu ambao mvua hupita juu ya vichwa vyao bila ya kukingika, na si wote walioamua wenyewe iwe hivyo.

Na ichukuliwe mfano wa nyumba mbili katika mteremko mmoja. Ya juu ina bati na tangi. Ya chini ina udongo na mtungi. Ni mwezi wa Oktoba. Vuli haijafika, na tangi lina maji yaliyofika nusu. Mwanamke wa nyumba ya chini anapanda na ndoo yake, anapiga hodi, anaamkia, anauliza habari za watoto na za ng'ombe kama ada inavyotaka. Mwisho anasema, "Mama, nimekuja, nisaidie ndoo moja, mtoto hana maji ya uji." Kiswahili chake ni cha mwombaji. Lakini je, kweli anaomba, au anadai? Lugha inavitenga vitenzi hivi viwili kwa ukali. Aombaye hupewa kwa wema wa mwenye mali, naye akinyimwa hana la kusema. Adaiye hupewa kwa haki, na akinyimwa amedhulumiwa. Suala lote la maji ya paa limo katika nafasi iliyopo kati ya vitenzi hivyo.

Wapo wanaosema anaomba, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mwanafalsafa wa Kiingereza John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, alitumia mfano wa maji kuonesha jinsi mali inavyozaliwa: maji ya chemchemi ni ya kila mtu, lakini yakishaingia mtungini ni ya yule aliyeyateka, kwa sababu ameyachanganya na kazi yake. Mafakihi wa Kiislamu walikuwa wamekwisha kulinena jambo linalofanana na hilo karne nyingi kabla yake. Mvua inayoanguka ni halali ya kila mtu. Anayeikusanya katika chombo au katika birika lake huimiliki, na anaweza kuiuza kama auzavyo mali nyingine. Mwenye bati amejinyima ili anunue bati. Amechimba msingi, amelipa fundi, amepanda juu ya ngazi kusafisha mchirizi. Kumwambia kwamba maji hayo si yake ni kumwambia kwamba jasho lake halina bei.

Hata hivyo, wasemaji wote hao wawili waliweka mlango nyuma ya kauli yao. Locke alishurutisha kwamba mtu achukue huku akiwaachia wengine kiasi cha kutosha na kilicho chema vile vile. Mafakihi, wakikumbuka hadithi ya Mtume (s.a.w.) inayowafanya watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto, walisema kwamba aliyefikwa na kiu ya kumdhuru ana haki katika ziada ya mwenye maji, na mwenye maji hana ruhusa ya kumzuilia. Mlango huo ni muhimu, lakini ni mwembamba. Unafunguka pale tu kiu inapokuwa hatari, au pale wengine wanapokosa kabisa. Mama wa nyumba ya chini hafi kwa kiu. Anayo chemchemi yenye floraidi, mwendo wa asubuhi nzima. Kama haki yake ingengoja mpaka afikie ukingo wa mauti, isingekuwa na faida kubwa kwa meno ya mtoto wake.

Hoja nyingine yapatikana mahali ambapo wapenzi wa ushairi wanapafahamu zaidi kuliko wanasheria, nako ni katika sala. Wairaqw wana slufay, ushairi wa sala unaosemwa wazee wanapokutana. Mmoja hutangulia na waliohudhuria huitikia, na ndani yake huombwa amani, uzazi, mifugo na mvua. Wamasai wana neno Enkai, ambalo ni jina la Mungu, na neno hilo hilo ni mvua. Mfasiri anayeliandika "Mungu" amepoteza maji, na anayeliandika "mvua" amepoteza ibada. Waislamu wa mwambao na wa bara wana sala ya istiskaa, ambayo kwayo watu hutoka uwanjani, wazee kwa watoto, wakiwa wanyonge wa mavazi na wa sauti, na imamu hugeuza joho lake akitaraji kwamba hali nayo itageuka.

Lugha tatu, na dini zaidi ya moja, lakini sarufi yake ni moja. Nafsi inayoomba mvua iko katika wingi. Hakuna slufay ya mtu peke yake, na hakuna istiskaa ya kuombea paa moja. Mtu aweza kuomba mtoto wake apone, shamba lake lizae, deni lake lilipike. Lakini mvua haiombwi na mtu ateremshiwe yeye peke yake, kwa sababu wingu halijui mipaka ya viwanja. Hata mchoyo, anapoiomba mvua, huiomba kwa wingi, maana hana dua nyingine ya kuiombea.

Hapa ndipo mwenye paa anapopata deni lake. Alichopokea kwa umoja kilikuwa kimeombwa kwa wingi. Mwanamke wa nyumba ya chini alikuwamo katika sauti ile. Aliitikia pamoja na wengine, au aliinua mikono pamoja na wengine, au alikaa kimya akitumaini pamoja na wengine. Na hata kwa asiyesali, jambo halibadiliki sana, kwa kuwa mvua ilimjia mwenye bati bila ya kazi yake yoyote. Kazi yake ilianzia kwenye bati na kuishia kwenye tangi. Jasho lake limemfanya kuwa mwenye kukinga, na kwa kukinga anastahiki fungu la kwanza na kubwa. Halikumfanya kuwa mwenye mvua. Katika kila lita ya tangi lake kuna sehemu iliyo ujira na sehemu iliyo amana, na amana haiombwi. Hudaiwa, japo kwa adabu na baada ya kuulizana hali.

Pingamizi zipo, na zastahili majibu. Ya kwanza ni ya hesabu. Tangi la lita 5,000 lina ndoo 250 za lita 20. Kijiji chenye nyumba 50 kikija kila siku na ndoo moja moja, siku 5 zatosha kulikausha, na siku ya 6 mwenye tangi atakuwa mwombaji wa 51. Ukarimu usio na kipimo hauwaokoi wenye kiu; huwaongeza. Mwenye tangi anayefunga kufuli mwezi wa Juni huenda anafanya alichofanya Nabii Yusuf katika ghala za Misri, yaani kuitunza miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya njaa. Mwaka 2009, ukame ulipoua ng'ombe wengi katika nchi ya Wamasai, hakuna aliyemlaumu mtu kwa kuwa alijiwekea.

Jibu ni kwamba kufuli lenyewe halina wema wala uovu. Akiba na uchoyo hutumia kufuli la namna moja. Tofauti yake ni kwamba akiba ina siku yake ya kufunguliwa na inawajua watakaofunguliwa, ilhali uchoyo hauna siku. Ghala za Yusuf zilijulikana tangu mwanzo kuwa zitafunguliwa. Mwenye tangi anayemwambia jirani yake mwezi wa Juni, "Mama, chemchemi ya chini ikikauka njoo, ndoo yako ipo," amefunga tangi na hajamnyima mtu. Na mafakihi walikwisha kuupanga utaratibu wa kiu: mwenye maji kwanza na watu wa nyumba yake, kisha mtu mwingine mwenye kiu, kisha mnyama, na mwisho mmea. Kwa mujibu wa utaratibu huo, bustani ya maua yenye kumwagiliwa wakati mtoto wa jirani anakunywa maji ya kutia meno madoa haihitaji mjadala mrefu, iwe ni bustani ya mwananchi au ni ya hoteli ya wageni wanaokwenda kutazama kreta.

Pingamizi ya pili yamhusu mvivu. Yuko atakayeuliza kwa nini mtu aliyekunywa fedha ya bati katika pombe aje kunywa maji ya bati la mwenzake. Jibu ni kwamba mtoto wa mlevi hakunywa pombe hiyo. Ama mlevi mwenyewe, deni la mwenye paa halimfungi mtu mwingine mikono. Tofauti kati ya tangi la lita 5,000 na la lita 10,000 ni mchanga, kokoto, maji ya kukorogea na siku chache za msaragambo, mbali na saruji. Asiye na fedha ana bega. Anayedai amana aweza pia kudaiwa mchango, na kwa kuutoa hushuka na ndoo yake bila ya kuinamisha kichwa.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito, nayo haitoki kwa wachoyo. Inasema kwamba tangi la nyumbani, hata likiwa la mtu mkarimu, laweza kuudhoofisha umoja uliokuwapo. Chini ya milima hiyo hiyo ya Ngorongoro kuna magofu ya Engaruka, ambako kati ya karne ya 15 na ya 18 wakulima walijenga mifereji ya mawe kuyaongoza maji ya vijito mpaka mashambani. Wasonjo, katika wilaya ya Ngorongoro, wamekuwa na baraza la wazee lenye kugawa zamu za maji ya umwagiliaji. Mfereji hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Wa juu akiziba, wa chini anakauka, na kwa hiyo watu hulazimika kukutana, kugombana na kupatana. Tangi halimlazimishi mtu kukutana na yeyote. Mwenye tangi huacha kwanza kwenda kisimani, kisha huacha kwenda katika mkutano wa jumuiya ya watumia maji, kisha huona mchango wa pampu kuwa ni wa wengine. Na kwa kuwa aghalabu yeye ndiye mwenye sauti na mwenye kusoma barua, kondoo waliobaki hukosa kengele.

Hatari hii ni ya kweli, na dawa yake si kuvunja matangi. Ni kukumbuka kwamba paa la bati lenyewe lina madhara kwa wengine, hata pasipo na tangi. Paa la udongo hunyonya na kudondosha. Paa la bati hurusha. Katika miteremko ya Karatu maji yanayorushwa na mabati, yakikutana na yale ya barabara na ya uwanja uliokanyagwa na ng'ombe, huchimba makorongo yanayokula shamba la mtu wa chini na kulipeleka tope lake mpaka Ziwa Manyara. Wahenga walisema, chururu si ndo! ndo! ndo! Aliyeezeka bati amekwisha kuigeuza ndondondo kuwa chururu. Hawezi kusema kwamba mvua inayomwangukia jirani kwa kupitia paa lake haimhusu. Kama asipoikinga, humdhuru wa chini kwa maji mengi Aprili. Kama akiikinga na kumfungia, humdhuru kwa maji machache Oktoba. Mwenye paa na mwenye kiu wameunganishwa na mteremko kabla ya kuunganishwa na huruma.

Sheria za dunia zimeliona jambo hili kwa macho tofauti. Katika kisiwa cha Bermuda, ambacho hakina mto, sheria humlazimu mjenzi kukinga mvua. Mapaa huko ni ya mawe yaliyopakwa chokaa, na chini ya nyumba mna tangi. Katika jimbo la Colorado, Marekani, mambo yalikuwa kinyume: maji yote yalihesabiwa kuwa yana wenyewe huko mtoni, na mpaka mwaka 2016 mkaazi wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kuweka pipa chini ya paa lake, sheria ya mwaka huo ikamruhusu mapipa mawili yasiyozidi lita 416 kwa jumla. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya Tanzania Bara, ya mwaka 2009, imeyaweka maji yote kuwa ya umma chini ya udhamini wa Rais, huku ikimwachia mwenye nyumba akinge mvua kwa matumizi ya nyumbani. Bermuda wameona wajibu, Colorado waliona wizi, Tanzania wameona ruhusa. Ruhusa ni jambo jema, lakini haimwambii mtu afanye nini na ziada.

Kwa hilo la ziada mwambao una kumbukumbu mbili za kulinganisha. Katika Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, limo tangi la kukusanyia maji ya mvua. Lilikuwa la watu wa ndani ya ukuta. Na ngome ilipozingirwa kuanzia 1696 hadi 1698, aliyekuwa nje ya ukuta alikuwa adui. Kumbukumbu ya pili ni birika la msikitini, linalojazwa kwa maji ya kisima au ya paa, ambalo halimuulizi mtu ametoka mtaa gani. Maji ya mahali pote pawili yamekusanywa kwa kazi na kwa gharama, na yamehifadhiwa kwa ukuta wa mawe na chokaa. Seyyidna Othman bin Affan alipokinunua kisima cha Ruma, Madina, akakifanya wakfu, hakujitoa katika kukitumia. Alibaki na haki ya kuteka kama watekavyo wengine.

Mapaa makubwa kuliko yote katika vijiji vya Karatu na Ngorongoro ni ya skuli, ya zahanati, ya makanisa na ya misikiti. Hayo tayari ni birika la msikiti. Yanangoja michirizi na matangi. Paa la darasa lenye mita za mraba 150, kwa kipimo kile kile cha milimita 700 na kwa kutoa humusi, hutoa lita 84,000 kwa mwaka. Jumuiya itakayoanzia hapo haitakuwa na ugomvi wa nani anaomba na nani anadai, na mwenye tangi lake nyumbani atapata tena sababu ya kuhudhuria mkutano.

Ama nyumbani, mambo yatabaki mikononi mwa mwenye paa. Siku ya kujenga tangi fundi huwa na maswali mawili: tangi liwe na ukubwa gani, na koki itazame wapi. La kwanza hujibiwa na mfuko, na mfuko una ukomo wake. Koki yaweza kutazama jikoni, au yaweza kutazama njia, ikiwa na kufuli lake na saa yake ya kufunguliwa inayojulikana na majirani. Bei ya koki ni moja kwa upande wowote itakaoelekezwa, na kwa upande huo mama wa nyumba ya chini atajua, tangu Juni, kama Oktoba atapanda kuomba au kupokea.